Usajili Upi Uliibadilisha Mieleka ya Kulipwa Kuliko Wote?

"Nilikulia Mombasa nikitazama mieleka ya Marekani kwenye kanda za video, na sasa naishi Bloomington, Minnesota, pamoja na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 20. Kila Jumapili tunabishana. Mimi nasema usajili mkubwa kuliko wote katika mieleka ya kulipwa ni ule wa Hulk Hogan kwenda kampuni ya WCW mwaka 1994, kwa kuwa ulikuwa sawa na klabu ya soka kumnunua nahodha wa mahasimu wake. Yeye anasema ni CM Punk kwenda kampuni changa ya AEW mwaka 2021. Kuna jambo jingine linalotutatiza: ikiwa WCW ilisajili karibu kila nyota aliyekuwa na jina, ilikuwaje ikafa? Nauliza kwa dhati, kwa sababu kijana mwenyewe anajifunza katika shule ya mieleka hapa, na promota mmoja mdogo amempa karatasi ya mkataba aitie saini kabla ya mwezi kwisha. Anaamini kwamba jina likikua, fedha zitafuata zenyewe. Je, ni kweli?"

Ndugu yangu, umefunga maswali matatu katika mzigo mmoja, na nimefurahi kuyapata pamoja, kwa maana jibu la ubishi wenu wa Jumapili ndilo litakalomsaidia mpwa wako kuisoma karatasi aliyo nayo. Unataka kujua ni nani aliyesajiliwa kwa uzito kuliko wote, kwa nini usajili mwingi haukuiokoa WCW, na kama umaarufu peke yake humlinda mtu.

Naomba kwanza tuuweke kando mfano wa soka, kwa kuwa ndio unaowapotosha nyote wawili. Katika soka, klabu inayomtaka mchezaji aliye chini ya mkataba huilipa klabu yake ada ya uhamisho, na klabu iliyoachwa hubaki na fedha za kumtafutia mrithi. Mieleka ya kulipwa ya Marekani haina soko la namna hiyo. Mkataba huisha au huvunjwa, mwanamieleka huondoka, na kampuni aliyoiacha haipati hata senti moja. Tena Hogan hakupokonywa WWF, kampuni hasimu ya WCW ambayo sasa inaitwa WWE, mwaka 1994. Alikuwa ameondoka huko mwaka uliotangulia na alikuwa akiigiza tamthilia ya televisheni mjini Orlando, katika studio zilezile ambako WCW ilirekodia baadhi ya vipindi vyake, na hapo ndipo Eric Bischoff, aliyeiongoza WCW, alipomfuata.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Mshambuliaji mpya huleta mabao, lakini mwanamieleka mpya haleti ushindi, kwa sababu mshindi huamuliwa na kampuni kabla ya pambano kuanza. Silisemi hili kwa dharau. Mwili unaoanguka ulingoni huumia kwelikweli. Nalisema kwa sababu linatuonyesha kitu ambacho kampuni hulipia inapomsajili mtu: hulipia watu watakaokata tiketi kwa ajili yake, imani ambayo vituo vya televisheni vitakuwa nayo kwa kampuni hiyo, na hadithi ambayo isingeweza kusimuliwa bila yeye. Kwa hiyo mimi siupimi usajili kwa ukubwa wa jina wala kwa kelele za usiku wa kwanza. Hutazama upande ulioachwa na kuuliza ulilazimika kubadilisha nini baada ya mtu huyo kuondoka. Kama haukulazimika kubadilisha chochote, ule ulikuwa uhamisho tu.

Kwa kipimo hicho, umemtaja mtu sahihi ila umekosea mwaka, na jambo lenyewe lilianzia jimboni kwenu. Mwishoni mwa mwaka 1983 Hulk Hogan alikuwa nyota mkubwa kuliko wote wa AWA, kampuni ya Verne Gagne iliyokuwa na makao yake Minneapolis. Wakati huo mieleka ya Marekani iligawanywa kimaeneo. Tangu mwaka 1948, mapromota wa chama cha NWA waliheshimiana mipaka, kila mmoja akiwa na miji yake, kituo chake cha televisheni na mabingwa wake, na hata kampuni zilizokuwa nje ya chama hicho, kama AWA na WWF, ile ya akina McMahon kule New York, ziliishi kwa desturi hiyohiyo. Mwanamieleka aliyechosha watazamaji wa eneo moja alihamia jingine na kuanza upya. Lilikuwa soko lililotulia, na promota aliweza kuishi humo maisha yake yote bila kumwogopa jirani.

Vincent K. McMahon, aliyeinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982, hakutaka utulivu huo. Televisheni ya kebo ilikuwa imeanza kuvuka mipaka ya majimbo, naye aliona kwamba kipindi kimoja kinaweza kutazamwa nchi nzima siku ileile. Alichokosa ni mtu mmoja ambaye familia ya California na familia ya Boston zingemtambua kwa mtazamo mmoja na kumpenda kwa sababu moja, yaani yule ambaye sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulimwita staringi. Gagne alikuwa naye tayari na hakumtumia ipasavyo. Gagne mwenyewe alikuwa bingwa wa mieleka ya vyuo kutoka University of Minnesota, na aliamini kwamba mkanda wa ubingwa ni haki ya mtu anayejua mieleka ya kweli kwenye mkeka. Mwezi wa Aprili 1983, mjini St. Paul, Hogan alimshinda Nick Bockwinkel mbele ya umati uliokuja kumwona akivishwa ubingwa, kisha uamuzi ukabatilishwa. Huwa naufikiria sana usiku huo. Umati ulikuwa umesema unachotaka kwa sauti isiyohitaji kutafsiriwa, na mwenye kampuni hakuisikia.

Hogan aliondoka mwezi wa Desemba. Tarehe 23 Januari 1984 alimshinda The Iron Sheik katika ukumbi wa Madison Square Garden na kuwa bingwa wa WWF. Hakuondoka peke yake, na hapa ndipo uzito wa usajili wake unapoonekana, kwa sababu katika mwaka huohuo walimfuata Gene Okerlund, ambaye sauti yake ndiyo iliyowahoji wanamieleka, pamoja na meneja Bobby Heenan na Jesse Ventura, yule aliyekuja kuchaguliwa gavana wenu mwaka 1998. AWA ilibaki na jina na ukumbi, lakini ilikuwa imepoteza watu walioifanya itazamike. Tarehe 31 Machi 1985 ilifanyika WrestleMania ya kwanza, tamasha kuu la WWF, na mwezi wa Februari 1988 pambano la Hogan na Andre the Giant lilitazamwa na takriban watu milioni 33 kwenye televisheni ya NBC. Kufikia mwaka 1991 AWA ilikuwa imefunga milango, na maeneo mengi ya zamani yalikuwa yametoweka au yamemezwa. Sijui usajili mwingine ambao upande ulioachwa ulilazimika kubadilisha kila kitu na bado haukunusurika.

Mpwa wako anaweza kukupinga kwa hoja nzuri, na ni haki uisikie. Anaweza kusema kwamba kilichoshinda ni kebo na tamaa ya McMahon, na kwamba kama si Hogan angepatikana mwingine. Nakubali nusu yake. Mpango ulikuwepo kabla ya mtu. Hata hivyo kutandaza kampuni nchi nzima kulihitaji viingilio vikubwa katika miji ambayo haikuwahi kuiona WWF, na hapakuwa na mwanamieleka mwingine mwaka ule aliyekwisha kuthibitisha, kwa tiketi zilizouzwa, kwamba angeweza kuzijaza kumbi za mbali na nyumbani kwake. Bila mtu huyo, nadhani mpango ungekwama njiani kwa kukosa fedha.

Usajili wako wa 1994 una nafasi yake. Ted Turner, mwenye vituo vya televisheni, alikuwa mmiliki wa WCW tangu mwaka 1988, lakini kampuni ilionekana kama ndugu maskini wa WWF hadi Hogan alipompiga Ric Flair tarehe 17 Julai 1994. Kuja kwake kuliwaaminisha wakubwa wa Turner kwamba inafaa kuiwekea fedha zaidi, na mwaka uliofuata kipindi chake cha Nitro kikaanza kushindana na Raw, kipindi cha WWF, kila Jumatatu. Lakini kulikuwa na gharama ambayo haikuonekana siku ile. Mkataba ulimpa Hogan mamlaka juu ya hadithi zake mwenyewe, na kwa miaka iliyofuata mtu aliyeajiriwa kuipandisha kampuni aliweza pia kuwazuia wengine wasipande. Naiona kama karadha nzito iliyokuja kulipwa polepole.

Nitro ya kwanza, tarehe 4 Septemba 1995, ilirushwa hewani kutoka Mall of America, hapo hapo Bloomington unapoishi. Katikati ya kipindi akatokea Lex Luger, ambaye watazamaji walimjua kama mtu wa WWF hadi wikendi ileile. Mwezi wa Desemba mwaka huo Madusa, aliyejulikana WWF kwa jina la Alundra Blayze, alitokea kwenye Nitro akiwa bado na mkanda wa ubingwa wa wanawake wa WWF na kuutupa kwenye pipa la taka. Mashabiki wengi hulikumbuka kama kituko. Mimi naliona kuwa miongoni mwa matukio mazito ya muongo ule, kwa sababu WWF iliuacha ubingwa huo bila mwenyewe hadi mwaka 1998, na hofu ya kuona jambo kama hilo likirudiwa ilikuwepo tarehe 9 Novemba 1997 mjini Montreal, McMahon alipoamuru kengele igongwe ili Bret Hart, bingwa aliyekuwa njiani kwenda WCW, avuliwe mkanda bila ridhaa yake.

Lakini usajili ninaouweka wa pili katika historia ni wa Scott Hall na Kevin Nash mwaka 1996. Hall alitokea kwenye Nitro tarehe 27 Mei, mjini Macon, Georgia, akipita katikati ya watazamaji bila kutambulishwa na mtu. Nash akamfuata majuma mawili baadaye. Huko WWF walikuwa wakiitwa Razor Ramon na Diesel, na majina hayo hayakuwa yao bali ya kampuni, hivyo ikawabidi watumie majina yao halisi. Hadithi iliwaonyesha kama wavamizi waliotumwa na mahasimu, na WWF ikachukua hatua za kisheria, hata mwezi wa Juni Bischoff akalazimika kuwauliza hadharani, mbele ya kamera, kama wanafanya kazi WWF, nao wakajibu kwamba hawafanyi. Mwezi wa Septemba WWF ikawavika watu wengine mavazi ya Razor Ramon na Diesel, ikitumaini kwamba vazi ndilo lililopendwa. Watazamaji hawakudanganyika. Hogan alipojiunga na Hall na Nash tarehe 7 Julai na kugeuka adui kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Nitro ilikuwa imeanza mfululizo wa kuishinda Raw kwa wiki 83.

Hata hivyo, ushindi huo wa televisheni sio sababu yangu ya kuuweka wa pili. Sababu yangu ni malipo. Kabla ya hapo mwanamieleka wa WWF hakuwa na uhakika wa kipato chake. Alihakikishiwa kiasi kidogo sana, na mengine yote yalitegemea mapato ya mlangoni na uamuzi wa ofisi. WCW iliwapa Hall na Nash mishahara iliyohakikishwa na siku chache zaidi za kazi kwa mwaka. Baada ya kuwapoteza, WWF nayo ikaanza kutoa mikataba yenye malipo ya uhakika. Wanamieleka ambao hawakuwahi kuwa na uzito wa Hall au Nash walianza kujua watapata nini mwaka ujao, wakaweza kukopa nyumba na kusomesha watoto. Mabadiliko hayo hayakuonekana kwenye runinga, lakini yaliingia katika nyumba nyingi kuliko mkanda wowote.

Kuhusu kifo cha WCW, jibu fupi ni kwamba ilisajili majina yaliyokwisha kutengenezwa na watu wengine ikasahau kutengeneza yake. Mwaka 1995, wakati Steve Austin akiuguza msuli wa mkono uliochanika, WCW ilimfukuza kwa simu. Alipitia kampuni ndogo ya ECW, akaingia WWF mwanzoni mwa 1996 kwa jina lisilo na mvuto la The Ringmaster, na tarehe 23 Juni mwaka huohuo, baada ya kushinda mashindano ya King of the Ring, alisema maneno machache ya Austin 3:16 yaliyouza fulana zisizohesabika. Tarehe 29 Machi 1998 alitwaa ubingwa mjini Boston, na majuma mawili baadaye Raw ikaishinda Nitro kwa mara ya kwanza baada ya wiki zile 83. Huu ndio usajili niuitao bora kwa thamani, kwa kuwa WWF ilimpata mtu aliyetupwa, na aliyemtupa akalipa mara mbili. Ningeuweka wa tatu.

Upande wa pili, WCW ilimpata Bret Hart mwezi wa Desemba 1997, wakati dunia nzima ya mieleka ilikuwa ikizungumza juu ya Montreal, na haikujua imfanyie nini. Mwaka 1999 ikampoteza Chris Jericho, na mwanzoni mwa 2000 wakaondoka wengine wanne kwa mpigo, akiwemo Eddie Guerrero, vijana ambao walikuwa wamebeba mapambano bora ya kampuni bila kuruhusiwa kufika kileleni. Iliripotiwa kupoteza zaidi ya dola milioni 60 katika mwaka 2000 peke yake. Lakini hasara haikuiua yenyewe. Mwezi wa Machi 2001 Jamie Kellner, mkuu mpya wa vituo vya Turner, aliiondoa mieleka kwenye televisheni zake, na kampuni ya mieleka isiyo na saa ya kurusha vipindi haina cha kumuuzia mnunuzi. WWF iliichukua kwa fedha kidogo mno. Tena haikuichukua mikataba minono: Sting, Goldberg na Nash walibaki nyumbani wakiendelea kulipwa na AOL Time Warner, kampuni iliyomiliki vituo vya Turner. Mkumbushe mpwa wako jambo hili, kwani waliolindwa siku ile walilindwa na maneno yaliyoandikwa kwenye mikataba yao.

CM Punk sasa. Usiku wa tarehe 20 Agosti 2021, katika ukumbi wa United Center mjini Chicago, alirudi ulingoni baada ya zaidi ya miaka saba, na sina shaka kwamba machozi ya watu wale yalikuwa ya kweli. Ila kwa kipimo chetu, WWE haikulazimika kubadilisha chochote, kwa sababu alikuwa ameiacha tangu Januari 2014. AEW ilimfukuza tarehe 2 Septemba 2023 baada ya ugomvi wa nyuma ya jukwaa huko Wembley, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi WWE. Mpwa wako akitaka kuitetea AEW, bora amtaje Chris Jericho, aliyetia saini Januari 2019, wakati kampuni haikuwa na kipindi wala bingwa. Jina lake lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowapa watu wa televisheni ujasiri wa kuiamini kampuni changa, na kipindi chake cha Dynamite kilipoanza kurushwa tarehe 2 Oktoba mwaka huo yeye ndiye aliyekuwa na mkanda.

Sasa tuje kwenye ile karatasi. Si kweli kwamba jina likikua fedha hufuata zenyewe. Jesse Ventura alikuwa na jina kubwa, na bado ilimbidi aishtaki WWF katika mahakama ya shirikisho ya Minnesota ili alipwe haki yake ya kanda za video zilizouzwa zikiwa na sauti yake. Alishinda zaidi ya dola 800,000 mwaka 1994. Wanamieleka wa Marekani kwa kawaida huandikwa kama wakandarasi huru, hawana chama cha wafanyakazi, na wengi hujigharamia bima yao. Kwa hiyo muulize kijana mambo haya kabla ya yote: jina analotumia ulingoni litakuwa la nani akiondoka? Mkataba unamzuia kufanya kazi kwingine kwa muda gani, na promota anampa nini kwa kumzuia hivyo? Akivunjika, nani atalipa hospitali? Picha na video zake zikiuzwa baada ya yeye kuondoka, ana fungu gani? Promota mdogo anayemlipa kwa onyesho moja moja huku akimfunga asicheze popote kwa miaka kadhaa anataka faida ya usajili bila kubeba gharama yake, na mkataba wa namna hiyo ningemshauri aukatae, hata kama hakuna mwingine mezani.

Mimi naweza kueleza historia. Siwezi kuisoma karatasi nisiyoiona. Mpelekeeni mwanasheria wa mikataba mwenye leseni ya Minnesota, na kama fedha ni tatizo, ulizieni kliniki za sheria katika vyuo vya huko au ofisi za msaada wa kisheria. Ikiwa kijana yuko Marekani kwa viza ya masomo au hadhi nyingine yenye masharti, aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kupokea dola yake ya kwanza, kwa sababu malipo yasiyoruhusiwa yanaweza kumharibia makazi yake yote. Na kama amewahi kuanguka vibaya mazoezini akaumwa kichwa, akaona kizunguzungu au akasahau kilichotokea, aende kwa daktari wiki hii, akamweleze wazi kwamba anafanya mieleka, na asipande ulingoni hadi daktari amruhusu. Tarehe ya mwisho wa mwezi imewekwa na promota kwa faida yake mwenyewe. Kijana amwandikie kwa adabu kwamba anahitaji muda wa mwanasheria wake kuusoma mkataba, na akijibiwa kwamba muda huo haupo, airudishe karatasi bila saini.